Upasuaji wa Pili

Mtu akishajua kwamba natembea na mfuko wa choo ubavuni, swali lake la kwanza huwa lile lile: "Watakurudishia lini?" Haulizi kama nitarudishiwa. Kwake hilo limeshaamuliwa: mgonjwa hupona, na aliyepona hujisaidia kama watu wengine. Wanaouliza ni watu wanaonipenda, wengine walinichangia fedha, kwa hiyo siwakaripii. Lakini swali lao limeninyima usingizi kuliko ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa si wa ajabu kwetu. Utumbo mpana, ile sehemu iliyopinda karibu na mwisho wake, ulijisokota. Madaktari wa Afrika Mashariki wanaufahamu vizuri. Huku kwetu huwapata sana wanaume, hasa ambao sehemu hiyo ya utumbo ni ndefu kupita kiasi na inaning'inia kwenye shina jembamba. Tumbo lilijaa, choo kikafunga, hata hewa haikutoka. Nilisuguliwa mafuta ya nazi, nikanyweshwa chumvi ya mawe, na nilipoanza kutapika ndipo nilipopakiwa kwenye bajaji, usiku, nikiwa nimeshika mitihani ya muhula ya wanafunzi wangu ambayo sikujua kwa nini nimeibeba.

Anayewahi hupitishiwa mpira kwa nyuma, utumbo ukajisokotoa bila kisu. Sikuwahi. Kipande kilikuwa kimeshakufa. Daktari wa zamu alikikata, ncha ya juu akaitoa nje upande wa kushoto wa tumbo, ncha ya chini akaishona na kuiacha ndani ya nyonga. Upasuaji huo una jina la Mfaransa, Henri Hartmann, aliyeueleza mwaka 1921 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Wodini walikuwa wakisema tu "huyu ni Hatimani", nami siku za mwanzo nilidhani wanamtaja mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Daktari alipopita raundi nilimwuliza kwa nini hakuunganisha pale pale akamaliza kazi. "Mwalimu," akasema, "usiku ule nilikuwa na kazi moja tu, ufike asubuhi. Utumbo umevimba, tumbo limechafuka, ukiunganisha hapo unafumuka. Ukifumuka, tunazungumza habari nyingine." Akaongeza kwamba baadaye, nikipata nguvu, tunaweza kufikiria kurudishia. Alisema kufikiria. Ndugu zangu waliokuwa wamesimama kando ya kitanda walisikia kurudishia.

Wiki za mwanzo sikuwaza upasuaji wowote, niliwaza mfuko. Mfuko wa kubandika ulipatikana kwenye duka moja la dawa mjini Tanga, siku nyingine haupo, na bei ya mmoja ilitosha kulisha nyumba yetu kwa siku nzima. Benchi la kliniki lilinionyesha wengine wanavyoishi. Wapo waliofunga kipande cha kanga kiunoni na kukifua kila mara. Wapo waliotumia mifuko ya rambo, ile ya plastiki ya dukani, wakiikaza kwa utepe wa nguo. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wengi tulifurahi kuona mitaro ya Ngamiani, pale Tanga mjini, inapumua. Mama mmoja wa Muheza aliyekaa nami alininong'oneza: sasa yeye atafungia nini? Marufuku ile iliacha nafasi kwa vifungashio vya dawa na vya viwandani, ila dukani kwao kilichokuwa kikimsaidia kilikuwa ni rambo, na rambo ilikuwa imekwisha.

Sista mmoja mwenye subira alinifundisha kupima stoma, yaani ile ncha ya utumbo iliyotolewa nje, kwa kipande cha karatasi, kukata tundu linaloizidi kidogo tu, kuosha kwa maji ya kawaida, kukausha, kisha kubandika. Stoma yenyewe ni nyekundu, ina unyevu, na ukiigusa haiumi. Mikono ilizoea. Nilirudi darasani. Nikagundua kwamba maharage ya nazi na kabichi ya jioni hutoa sauti kipindi cha kwanza cha asubuhi, na kwamba kidato cha pili hawana huruma hata kidogo. Nikahamishia maharage siku ya Ijumaa.

Huu mfuko wa kubandika una kisa chake, nami hukikumbuka mara kwa mara. Mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, aliufikiria kwa ajili ya dada yake, Thora, ambaye baada ya kufanyiwa upasuaji aliogopa kutoka nje asije akavuja mbele za watu. Kabla ya hapo waliotolewa utumbo nje walivaa vitambaa, mikanda na vyombo vizito visivyoziba vizuri. Sørensen hakuurudisha utumbo wa dada yake mahali pake. Alichotaka ni dada yake aweze kutoka nyumbani. Kila ninapoambiwa kwamba bila upasuaji wa pili mimi ni nusu mtu, namfikiria Thora akifungua mlango akaenda zake sokoni.

Familia ilikaa kikao Korogwe, nyumbani kwa kaka yangu mkubwa. Alikuwa amekusanya michango kwa ndugu, kwa wakwe, hata kwa watu aliosoma nao. "Mdogo wangu," akasema, "fedha ipo. Wewe taja tarehe." Shemeji yangu alisema kuna jamaa yake alirudishiwa na sasa anacheza mpira. Shangazi, ambaye hajawahi kuzungusha maneno, aliuliza siku nikifa waosha watanifanyaje na choo kinatokea tumboni. Nilicheka, lakini nilirudi na swali hilo mpaka kwa sheikh wetu. Aliniambia waosha maiti wameona makubwa kuliko hilo. Kuhusu swala, akanieleza kwamba hukumu yangu ni ya mwenye udhuru wa kudumu: wakati wa swala ukiingia najisafisha, natia udhu, naswali, hata kitu kikitoka katikati, na kwa faradhi inayofuata natia udhu mwingine. Saumu yangu haina tatizo. Hivyo sababu moja kubwa niliyokuwa nikiisikia kwa watu, kwamba mfuko umenitoa katika ibada, ikaanguka hapo.

Nalitaja hili kwa urefu kwa sababu nimewaona wanaume walioacha msikiti kwa ajili ya mfuko, kisha wakakimbilia kisu ili warudi msikitini, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemwuliza mtu mwenye elimu.

Mke wangu katika kikao kile hakusema neno. Tulipokuwa njiani kurudi Tanga ndani ya basi akaniambia, "Mfuko nimeuzoea. Ule usiku wa hospitali sijauzoea mpaka leo."

Daktari bingwa niliyepelekwa kwake alianza kwa kuuliza, "Nani anayeutaka upasuaji huu?" Nikasema, familia. Akafunga faili. "Basi leo hatutaji tarehe. Leo tunaongea." Nadhani pale ndipo nilipotibiwa hasa, ingawa hakunigusa.

Alichukua karatasi akachora. Akanieleza kwamba kuna stoma ambazo hufungwa kwa kazi ndogo kiasi. Utumbo mwembamba ukivutwa nje kama kitanzi ili kulinda mshono ulio chini yake, siku ya kuufunga daktari anaweza kuukata pembeni mwa tundu lile lile, akaunganisha, akarudisha ndani, bila kulipasua tumbo zima. Yangu haiko hivyo. Yangu ina ncha mbili zilizo mbalimbali. Lazima apasue upya kuanzia juu ya kitovu hadi chini, atenganishe utumbo ulioshikamana kwa makovu, akitafute kisiki, yaani ile ncha ya chini iliyoshonwa, ndani ya nyonga mahali inapopita mirija ya mkojo, avute ncha ya juu hadi ifike bila kukazwa, ndipo aunganishe. Ndiyo maana madaktari husubiri, mara nyingi miezi mitatu hadi sita na wakati mwingine zaidi, makovu yalainike na mgonjwa apate mwili.

Kisha akanitajia yanayoweza kuharibika. Kidonda kutunga usaha. Ngiri kwenye mshono. Utumbo kugoma kufanya kazi siku kadhaa. Kubwa kuliko yote, kiungo, yaani pale ncha mbili zilipounganishwa, kuvuja: choo kikimwagika ndani ya tumbo, mtu anarudishwa chumba cha upasuaji akiwa mahututi, anapigwa nusu kaputi tena, na akinusurika anaweza kuamka na mfuko mwingine. Jambo hili la mwisho sikuwahi kulisikia kwa yeyote aliyenihimiza. Akaendelea: hata mambo yakienda sawa, mpasuaji akikitilia shaka kiungo anaweza kutoa utumbo mwembamba nje kwa muda ili kukilinda. Maana yake mtu anaingia na mfuko wa kushoto, anatoka na mfuko wa kulia, halafu anasubiri upasuaji wa tatu. Na kuna wanaopasuliwa, ncha zikashindikana kukutana, wakashonwa kama walivyoingia.

Alipofika kwenye mishipa ya fahamu ya nyonga alishusha sauti. Kuchimba kule chini kunaweza kuigusa, na mwanaume akapata shida kitandani. "Wengi hawaipati," akasema, "ila ukiipata usiseme sikukuambia." Nilimheshimu kwa hilo. Madaktari wengi wa kwetu, na si kwa ubaya, humwonea haya mtu wa makamo wakaliruka.

Nilipomwuliza upande wa pili, wa faida, hakunifichia pia. Kwa kuwa kilichonisibu ni utumbo kujisokota na si saratani, njia yangu ya haja kubwa ilikuwa salama yote. Akasema nikiunganishwa na kupona, yumkini nitajisaidia karibu kama zamani baada ya miezi michache ya kuharisha na kukimbia chooni. Sitanunua mifuko tena. Sitaogopa safari. Yote hayo ni kweli na si madogo. Na ndiyo maana nachukia watu wanaosema waliokataa upasuaji huu wameukataa kwa woga tu, na vilevile nachukia wanaosema waliokubali wamekubali kwa aibu tu.

Vipimo nilivifanya vyote, kwa sababu kuamua bila vipimo ni kubahatisha. Daktari alipima kwa kidole nguvu ya msuli wa nyuma. Kamera ilipitishwa kwenye stoma na kwenye kisiki. Niliingiziwa dawa nyeupe kwa nyuma, ikapigwa picha ya eksirei kuona kama kisiki kimesinyaa au kinavuja. Wakapima wingi wa damu, moyo, na sukari ya miezi mitatu. Hapo kwenye sukari ndipo picha ilipobadilika. Nina kisukari cha siku nyingi, na kipimo kilionyesha kimekuwa kikicheza. Daktari aligonga namba ile kwa kalamu. Mwenye sukari kidonda chake hupona kwa shida, na kiungo cha utumbo nacho ni kidonda, tofauti ni kwamba hukioni.

Wagonjwa wengi hushangaa kuambiwa kwamba kisiki kiko hai. Kiko hai kabisa. Kinatoa ute wake, na zipo siku nimebanwa na haja kama mtu yeyote, nikaenda msalani, nikatoa ute mtupu. Mara ya kwanza nilidhani kimefumuka. Daktari akasema ni kawaida, na kama ukitoka na damu au harufu mbaya nimweleze.

Kwenye benchi lile la kliniki nilipata walimu wawili.

Wa kwanza ni kijana wa Handeni, fundi pikipiki. Homa ya matumbo ilimtoboa utumbo mwembamba, ukatolewa nje upande wa kulia. Kumlinganisha na mimi ni kumwonea. Choo changu ni kigumu. Nakula karibu kila kitu, nabadilisha mfuko kwa utaratibu. Chake kilikuwa maji matupu, mchana na usiku, kwa sababu maji na chumvi ambavyo utumbo mpana ungevifyonza vilikuwa vinamwagika. Maji yale yana vimeng'enya vya tumbo, yakigusa ngozi yanaichoma. Alikuwa amekonda, midomo imekauka, mara mbili amelazwa kwa kuishiwa maji, anatembea na chupa ya maji ya chumvi na sukari. Aliniuliza nafikiri nini, nami sikusita: mdogo wangu, ukiambiwa uko tayari, panda kitandani. Alirudishiwa. Baada ya muda nilimkuta mjini, amenenepa, anabishana bei ya tairi. Kwake kungoja ndiko kulikokuwa na hatari.

Wa pili ni mama wa makamo, mfanyabiashara wa dagaa, aliyekuwa na saratani chini kabisa karibu na njia ya haja. Alipigwa mionzi, akakatwa, akaunganishwa, akawekewa mfuko wa muda, kisha mfuko ukafungwa. Familia ilifanya sherehe. Baada ya hapo ikaanza kazi ambayo hakuna aliyemwandaa nayo: anakwenda chooni, anatoka, baada ya dakika chache anarudi, tena na tena; haja ikimjia haimpi nafasi ya kuaga mteja. Ghala la kuhifadhia choo lilikuwa limeondoka na saratani. "Sijutii," aliniambia. "Lakini mfuko nilikuwa naupangia siku mimi. Sasa choo ndicho kinanipangia." Alikuwa anafundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya chini na kupewa dawa za kupunguza mwendo, na alikuwa anapata nafuu kidogo kidogo. Angeambiwa mapema, alisema, angechagua vile vile, ila asingepika pilau.

Niliwaza mambo yao wawili nikiwa na karatasi ya daktari mezani. Upasuaji wa kwanza haukuniuliza. Ulikuja usiku, ukakata, ukaniacha hai. Upasuaji wa pili hauji kuniokoa na kitu chochote. Nisipoufanya sifi, na nikiufanya naweza kufa, japo kwa uwezekano mdogo. Upasuaji wa namna hiyo lazima uwe na mwenyewe anayeutaka, na mwenyewe huyo awe na kitu anachokwenda kukichukua. Nilijaribu kukitaja. Kazi ninayo. Swala ninayo. Mke wangu analala ubavu ule ule aliolala siku zote. Mfuko umegeuziwa upande mwingine. Nilichobaki nacho ni kaka yangu, jamaa wa shemeji anayecheza mpira, na aibu ya watu wanaoniona mara moja kwa mwaka kwenye misiba. Nikaona hao hawatoshi kulazwa kwa ajili yao.

Mtu mwingine mwenye mwili kama wangu angetaja kitu chake. Kondakta wa basi angetaja safari. Msichana anayetaka kuolewa angetaja ndoa, na simwambii kwamba anakosea. Mwenye mfuko unaovuja kila siku kwa sababu stoma imezama au ina ngiri kubwa ubavuni, huyo naye ana hesabu nyingine. Hata bei peke yake inaweza kuwa sababu halali: kuna watu ambao mifuko ya mwaka mmoja inawashinda, na nani atawaambia wakae nayo?

Nilimwambia daktari: hapana, kwa sasa. Hakunung'unika. Aliandika, akanipa masharti. Sukari ishuke na ibaki chini. Kisiki na utumbo uliobaki vipitishwe kamera kwa ratiba, kwa sababu kutotumika hakukingi kisiki na saratani. Nisinyanyue mizigo mizito, ngiri isiote kando ya stoma. Na nikibadilisha mawazo nirudi kabla umri na maradhi havijanifungia mlango, maana hapana ya leo si lazima iwe ya milele, lakini kila mwaka unaopita mwili unakuwa mwingine.

Kumwambia kaka ndiko kulikokuwa kugumu. Alikaa kimya, akauliza kama nimelishwa kitu. Nikamwonyesha karatasi yenye michoro, nikamweleza ncha mbili, kiungo, sukari. Aliisoma kwa muda mrefu. Mwisho akasema fedha ya watu hairudishwi, itafutiwe kazi. Sehemu ilinunua mifuko yangu. Sehemu, kwa ushauri wa mke wangu, ilinunua mifuko ya yule mama wa Muheza. Shangazi bado hajaridhika.

Kama wewe au mtu wako ametolewa utumbo nje, ninaomba jambo moja ambalo halina gharama. Kabla ya kutoka wodini, mwambie daktari aandike kwenye kadi yenu, kwa mwandiko unaosomeka: ugonjwa uliosababisha, ni utumbo mwembamba au mpana uliotolewa, ni ncha moja au kitanzi, kimekatwa kipande gani, na kilichobaki chini kimeachwa vipi. Nimekaa na watu kliniki walioishi na mfuko miaka mingi, waliopasuliwa hospitali nyingine, faili limepotea, na hawajui hata kimoja kati ya hivyo. Daktari wa pili hana la kuwashauri mpaka awapime upya, na wao hawana la kuamua. Omba iandikwe, piga picha kwa simu, na nakala nyingine mpe mtu mnayelala naye nyumba moja.